Pete ya Mama Kwenye Bika la Pili

Jamani, aibu niliyoipata mimi Kiabakari siku ya mahafali, mwingine angehama mkoa. Mimi sikuhama kwa sababu kwetu ni kulekule, baba na mama wapo kulekule, ila mpaka leo nikirudi likizo nashuka kabla ya stendi, najitanda kanga mpaka puani na kukatiza nyuma ya nyumba za watu, maana wale vijana wa bodaboda wakiniona tu lazima mmoja apaze sauti, "Ficheni pete, mwanasayansi kafika!" na akina mama wauza nyanya wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nacheka nao, nifanyeje. Lakini nikifika nyumbani nakaa kwanza kitandani dakika kumi ndipo nasalimia watu.

Naitwa Nyangeta, nasoma shahada ya sayansi, kemia, na wakati wa mkasa huu nilikuwa likizo ya mwaka wa pili. Kwetu ukisema unasoma sayansi watu wanasikia udaktari, kwa hiyo likizo zangu zilikuwaga ni za kuoneshwa vidonda. Nikisema mimi si daktari, nasoma kemia, mtu anafunika kidonda chake taratibu na kuniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia nimefukuzwa.

Na niseme ukweli kuhusu hicho chuo, maana huko nyumbani nilikuwa nadanganya. Shule niliyosoma, ya kata, hapo hapo Kiabakari, enzi zetu ilikuwa na jengo la maabara zuri kabisa, lina sinki na mabomba, ila ndani yake kulikuwa na viti vibovu na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana. Majaribio yote tuliyafanyia ubaoni. Mwalimu wetu wa kemia (ambaye sasa ndiye mkuu wa shule, mtamkuta mbele) alichora bureti ubaoni, sisi tukachora bureti daftarini, na mimi nilikuwa nachora bureti nzuri kuliko darasa zima, mpaka nikapata alama za kwendea chuo kikuu kwa kuchora. Sasa siku ya kwanza ya maabara chuoni nikasimamishwa mbele ya bureti yenyewe, nikashangaa. Ndefu! Bomba refu la kioo lenye koki chini. Ya daftarini kwangu ilikuwa na urefu wa kidole, na mimi miaka yote nilijua ni kitu cha kidole. Nikafungua koki kwa nguvu kama bomba la kijijini, asidi yote ikaenda kwenye viatu vya kaka mmoja aliyetokea shule za mjini, akaruka, nami nikamwambia "pole" mara nane.

Muhula ule nikapata sapu mbili (sapu ni mtihani wa kurudia, ukifeli na huo unafunga begi). Nililia chooni, nikampigia mama nikamwambia mimi narudi nyumbani niuze dagaa, kemia si ya watu wa kwetu. Mama akasema, "Nyangeta mwanangu, rudi darasani. Kuna vitu vimeshatoka kwa ajili ya hicho kiti unachokalia." Nikajua anazungumzia maombi ya akina mama kanisani na sadaka zao. Nikarudi darasani, sapu zote nikafaulu. Kumbukeni hayo maneno ya mama, nitayarudia.

Basi, likizo ya mwaka wa pili mkuu wa shule akanipigia. Akasema shule ina mahafali ya kidato cha nne Jumamosi, wazazi watakuja, na angependa mwanafunzi wao wa zamani aje awaambie watoto maisha ya kusoma sayansi chuo kikuu yakoje. "Dakika kumi na tano tu," akasema. "Unaongea, unapigiwa makofi, unakula pilau."

Hapo ndipo ningekubali vile vile alivyosema, nikaongea, nikala pilau, na leo ningekuwa nashukia stendi kama watu. Lakini mimi nikajitia kimbelembele. Nikamwambia, "Mwalimu, kuongea tuliongea sana. Mimi nataka waone kwa macho." Na hapo niseme, sikuwa natafuta sifa peke yake (sifa nilizitaka, sikatai), ila nilikumbuka ile bureti ya kidole nikasema hapana, hawa watoto wasiende huko kuaibika kama mimi.

Nikafikiri nioneshe nini. Kiabakari ni pa dhahabu, kila mtoto ana baba au babu aliyeshuka shimoni, basi nikasema nitawaonesha jinsi ya kuijua dhahabu ya kweli. Ni kitu rahisi. Unachukua asidi ya nitriki, unatumbukiza shaba, shaba inachemka, inatoa moshi wa kahawia na maji yanageuka kijani. Unatumbukiza dhahabu kwenye asidi hiyohiyo, dhahabu inakaa tu, haishtuki, unaitoa, unaiosha, unairudisha kwa mwenyewe. Ijumaa nikaenda shuleni na mkuu wa shule tukafungua stoo, asidi ipo, mabika yapo (bika ni kile kikombe cha kioo cha maabara), nikajaribu na kipande cha waya wa shaba kule nyuma ya jengo kwenye upepo, kikatoka moshi safi kabisa. Mkuu wa shule akafurahi. Akauliza, "Na dhahabu utaitoa wapi?" Nikacheka. "Mwalimu, dhahabu nimezaliwa nayo nyumbani."

Hapa lazima niwaeleze kuhusu pete ya mama, maana bila hiyo hamtanielewa. Baba yangu, mzee Magesa, siku hizi ni fundi wa mashine za kusaga, lakini ujana wake alichimba dhahabu miaka kumi na tano. Chote alichopata kiliishia midomoni mwetu na kwa ndugu, isipokuwa kipande kimoja alichokificha ndani ya soksi, akakipeleka kwa sonara Musoma, kikawa pete. Wakati anamuoa mama, ng'ombe aliokuwa nao walikuwa pungufu, na wakwe walishaanza kununa, ndipo alipoitoa ile pete mbele yao akasema hii nimeichimba mwenyewe, huyu binti ataivaa mpaka kufa. Wakwe wakalainika. Hiyo hadithi baba aliisimulia harusini, msibani, ubatizo, akisubiri mashine ipoe, hata kwa watu waliokuja kusaga mtama mara moja tu. Ilikuwa ndiyo digrii yake. Na alikuwepo mzee mmoja, Nyamhanga, waliyechimba naye shimo moja, ambaye miaka yote alikuwa anaguna na kusema, "Mimi kwenye hilo shimo sikuona dhahabu ya kutosha hata jino." Baba akisikia hivyo halali vizuri.

Kwa hiyo mnaona akili yangu ilivyokuwa inakwenda. Nitawafundisha watoto, na papo hapo nitamfunga mdomo mzee Nyamhanga mbele ya kijiji kizima, kwa sayansi. Na ili raha iwe kamili nikaamua nisimwambie mama wala baba mapema, iwe mshtukizo. Huo ndio uamuzi wenyewe ulioniua.

(Na nijiseme kabisa. Likizo ile ile nilikuwa nimemkuta mama jikoni anaisugua hiyo pete kwa limau na majivu, na kidole chake kina alama ya kijani kwa ndani. Dhahabu haisuguliwi na majivu, wala haiachi kijani kwenye kidole, hilo nimefundishwa, nimefanyia mtihani na nimefaulu. Nikasema tu moyoni, mama yangu ni msafi.)

Jumamosi ikafika. Turubai limefungwa, spika zinaunguruma, wahitimu wamevaa majoho, wazazi wamejaa, mama amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya, baba pembeni yake ana koti la harusi, na nyuma yao viti viwili yupo mzee Nyamhanga na fimbo yake. MC alikuwa kijana mmoja wa kelele nyingi kutoka Nyasura kule Bunda, kila kitu anakitangaza, mtu akikohoa anatangaza. Akaniita: "Sasa tunamleta mwanasayansi wetu, moto wa kuotea mbali, tokea chuo kikuuu!" Vigelegele. Mimi nikatoka na koti langu jeupe la maabara, jua la saa saba mchana, nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nilijiona, acheni tu.

Nikaongea vizuri. Nikawaambia kuhusu bureti, wakacheka, nikawaambia kuhusu sapu (moja, ya pili nikaificha, mama alikuwepo). Kisha nikaweka mabika mawili mezani, nikatia asidi, nikawasogeza wanafunzi nyuma, nikatumbukiza waya wa shaba kwenye bika la kwanza. Ukachemka! Moshi wa kahawia ukapanda, upepo ukauchukua upande wa barabarani, maji yakawa kijani kibichi. Watoto wakapiga kelele za furaha. MC: "Jamani jamani, shaba inaungua!" Nikainua mkono kama mchungaji. Nikasema, "Hiyo ndiyo shaba. Kitu cha shaba hata kikijifanya dhahabu, hapa kitaumbuka. Sasa nataka dhahabu ya kweli." Nikageukia mstari wa mbele. "Naomba mama yangu mzazi anisaidie pete yake."

Mama hakuinuka. Alinitazama tu, macho makubwa, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Haitoki hii, mama." (Ananiitaga mama, maana nimerithi jina la bibi.) Nikadhani anaona haya mbele za watu. Baba naye akadakia, "Mwache mama yako, kidole kimevimba tangu juzi." Nikajua ni ile ile, wazazi wa kwetu hawapendi kuoneshwa hadharani. Huku nyuma mzee Nyamhanga akagonga fimbo chini. "Itolewe! Tuione leo!" Na MC na kinywa chake: "Mama Nyangeta, mama Nyangeta, pete, pete!" Kijiji kizima kikaitikia, pete, pete, na makofi.

Nami mtaalamu nikasema kwenye kipaza sauti, "Kidole kikivimba tunatumia sabuni. Sabuni ni kemia pia." Nikaleta mwenyewe sabuni na maji kwenye sahani. Nikapiga magoti mbele ya mama yangu mzazi, nikamsugua kidole, yeye amekikunja, mimi nakikunjua, ameuma midomo, nikamwambia, "Usiogope mama, haitaharibika hata kidogo." Akaninong'oneza, "Nyangeta, acha." Nikasikia. Nakiri nilisikia. Nikajibu, "Dakika mbili tu." Pete ikatoka.

Kwa kawaida unadondosha tone moja tu juu ya dhahabu, basi. Lakini nikaona watu wa nyuma hawataona tone, nikaitumbukiza yote kwenye bika la pili, nikaliinua bika juu ya kichwa changu kama kombe la mpira, huku nawaangalia watu badala ya kuangalia bika, nikasema, "Mnaona? Dhahabu imetulia!"

Watu hawakushangilia. Kwanza nikasikia MC amenyamaza, na yule hakuwahi kunyamaza tangu asubuhi. Kisha nikasikia harufu. Ndipo nikaangalia juu.

Ilikuwa inachemka kuliko ule waya. Moshi wa kahawia unanishukia begani, maji yamekuwa kijani, na ile pete inazidi kuwa nyembamba mbele ya macho yangu. Nikaliweka bika mezani haraka nikarudi nyuma. Nilitamani ardhi ya Kiabakari, yenye mashimo yote hayo, ipate moja la kunimeza.

MC ndiye aliyevunja ukimya, Mungu amsamehe: "Kumbe na dhahabu inaungua?" Na mzee Nyamhanga akasimama, taratibu, ameshika fimbo, akasema maneno ambayo nadhani aliyatunza miaka yote ile: "Si nilisema? Shaba! Magesa, umetudanganya tangu ujana. Wakwe zako umewadanganya. Shaba!" Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama mvua. Hata wahitimu walikuwa wanacheka ndani ya majoho.

Nikamtazama baba. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya magoti, analitazama lile bika. Baba yangu, mtu wa kusimulia hiyo pete hata kwa asiyeuliza, hakufungua mdomo. Nikamtazama mama, naye ameinamisha kichwa, anafunika kile kidole kwa kiganja cha mkono mwingine. Sikujua nini kimetokea kwenye nyumba yetu, nilijua tu kwamba ni shaba, kemia haikuwa na shaka hata kidogo, na kwamba nikilisema hilo kwenye kipaza sauti baba yangu hatasimulia tena kitu chochote maishani mwake. Iliniuma moyo kuliko sapu zote mbili.

Nikakichukua kipaza sauti. "Ndugu wazazi, samahanini sana. Nimekosea." Kicheko kikapungua. "Ipo asidi moja isiyokula dhahabu, ile ya bika la kwanza. Lakini ukichanganya na nyingine, ule mchanganyiko unakula dhahabu. Mimi kwenye bika la pili nimeweka mchanganyiko. Nimechanganya chupa. Pete ilikuwa ya dhahabu, na mimi nimeiyeyusha."

Kuna ukweli ndani yake, mchanganyiko wa namna hiyo upo. Ila haukuwepo pale. Kilichokuwepo ni asidi ileile, chupa ileile, na mkuu wa shule alikuwa amesimama pembeni yangu na yeye ndiye aliyenishikia chupa. Nikamtazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni kweli," akasema. "Makosa ya maabara hutokea." Mwalimu wa kemia, huyo, akamuangusha mwanafunzi wake mwenyewe ili amsaidie.

Nikadhani tumepona. Mkono ukanyooshwa katikati ya wanafunzi. Binti wa kidato cha tatu, Rhobi, mwembamba, daftari mkononi, alikuwa anaandika tangu nilipoanza. "Dada, samahani. Ile ya dhahabu mbona rangi ni ileile ya waya?"

Swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuyasikia chuoni, na limeulizwa na mtoto wa shule yangu, mahali ambapo mimi nilichora bureti ya kidole, na mimi nililokuja kulitafuta lilikuwa hilohilo, mtoto aangalie kwa macho na aulize. Jasho likanitoka ndani ya koti. Nikasema, "Inategemea." Akauliza, "Inategemea nini, dada?" Nikasema, "Inategemea... dhahabu yenyewe." Akaandika. Aliandika, jamani! Nikaona kalamu inatembea.

Hapo baba akasimama. Akaja mpaka mezani, akalitazama bika, pete haipo tena, na akapaza sauti mpaka turubai likasikia: "Kumbe umekula dhahabu yangu, Nyangeta! Nimekaa shimoni miaka kumi na tano, wewe umeila dakika tano!" Akamgeukia mkuu wa shule. "Mwalimu, hayo maji yasimwagwe. Dhahabu yangu imo humo. Sisi tulikuwa tunaitoa kwenye maji ya matope, huyu akimaliza chuo ataitoa kwenye haya. Nipeni chupa." Watu wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wananicheka mimi. Mkuu wa shule akaongeza maji mengi kwanza, kijani ikageuka bluu, akamimina kwenye chupa, baba akaipakata kama mtoto. Akapita nayo mbele ya mzee Nyamhanga polepole sana.

Pilau sikula.

Jioni nikamfuata mama jikoni, alikuwa anaparua sato, hakuniangalia. Nikamwambia, "Mama, ile ilikuwa shaba." Akasema, "Najua." Akaendelea na samaki wake mpaka akamaliza upande mmoja. "Ule mwaka wako wa kwanza, mkopo ulipokataa kutoka, nilikwenda Bunda kwa shangazi yako, tukaiuza. Nikanunua hiyo nyingine sokoni, inafanana. Hizo hela ndizo ulizolipia kuingia, na hilo koti lako jeupe, na nauli." Nikajikuta nimekaa chini kwenye kigoda. Kumbe vile vitu vilivyotoka kwa ajili ya kiti changu havikuwa sadaka, ilikuwa pete. Ile asidi, kujua kwamba ni asidi, kujua kwamba shaba inatoa moshi, vyote hivyo nilivisoma kwa ile pete. Nikalia. Mama akasema, "Usilie kwenye samaki. Na baba yako asijue, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, akijua nimeiuza atakufa." Nikaapa.

Siku mbili baba hakunisemesha, aliongea na chupa. Aliiweka juu ya kabati ya vyombo, na kila mgeni akiingia anaoneshwa: dhahabu ya Magesa hiyo, binti kaiyeyusha, akihitimu ataitoa. Ikawa hadithi mpya, tena ndefu kuliko ya mwanzo.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabara ya Musoma, amenibebea begi. Tukasimama. Akasema, bila kuniangalia, "Nyangeta, mimi dhahabu nimeishika miaka kumi na tano. Dhahabu haitoagi moshi."

Nikajifanya natafuta nauli kwenye pochi.

"Na hata kabla ya huo moshi. Ile pete nilimvisha mimi, uzito wake naujua. Ulipoenda chuo, wiki hiyohiyo nilimshika mama yako mkono, nikajua."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini? Wewe ulishafika chuoni." Akaliweka begi chini. "Niliwaambia kidole kimevimba, ukaleta sabuni. Mtoto una kichwa kigumu wewe."

"Na ile chupa?"

"Ile ya Nyamhanga ile. Wacha akija aione." Akacheka kidogo, kisha akawa hana kicheko tena. "Mama yako asijue kwamba najua. Ataumia bure." Nikaapa tena. Sasa nina viapo viwili vya kuwaficha watu wawili kitu ambacho wote wawili wanakijua, na mimi katikati ndiye mwenye jina la kuyeyusha dhahabu. Sawa tu, nalibeba.

Rhobi nilimpigia kupitia simu ya mkuu wa shule, sikuweza kulala na lile daftari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, futa ulichoandika. Dhahabu ikiyeyuka rangi yake ni ya njano, kijani ile ni ya shaba. Ulikuwa sahihi." Nikasikia anafunua kurasa, anahesabu mambo kichwani. Akasema, "Nimeelewa, dada. Nimefuta. Na sitamwambia mtu." Huyo akifika chuo, maabara itamheshimu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mimi naapa mbele yenu: sitaomba tena kitu cha mtu hadharani ili nikipime, sitapeleka sabuni kwenye kidole cha mtu aliyesema hakitoki, na mtu akininong'oneza "acha," nitaacha, hata kama bika liko juu ya kichwa. Na bika sishiki tena mbele ya Kiabakari. Isipokuwa mara moja tu. Nikihitimu nikapata mshahara wa kwanza, nitakwenda kwa sonara Musoma, nitarudi nyumbani na kitu ndani ya soksi, nitaweka mabika mawili mezani, nitaomba ile chupa ya juu ya kabati, na mzee Nyamhanga nitamkalisha kiti cha mbele. Baba anajua hilo bila kuambiwa. Kila Jumapili ananipigia, na kabla hata ya salamu ananiuliza, "Bado iko bluu huku. Mmefika wapi na masomo?"